Geti Linalojifungua Lenyewe

Baba Hyasinta,

Makande yapo kwenye sufuria, uyapashe moto. Kuku nimeshawalisha. Mtoto nimeondoka naye, tumeenda Daa kwa mama.

Alfajiri nilisikia gari, nikajifunika shuka nikakimbia kukupokea. Kumbe ulikuwa unatoka. Ulikuwa umeingia usiku, ukalala kwenye kochi ili usiniamshe. Nilikuita, lakini geti likajifunga mbele yangu, nawe ukaenda kuwapeleka watalii kreta kuona wanyama.

Najua kile kidude cha Arduino na mota yake ulivifunga getini kwa ajili yangu, nisitoke kwenye baridi. Ukibonyeza simu tu, geti linafunguka. Ila zamani nilikuwa nakufungulia mimi, tunakunywa chai, unanisimulia mgeni aliyeogopa nyani. Siku hizi geti linakuona kuliko mimi.

~~Tutakaa Daa mpaka utakapotukumbuka.~~ Tunarudi Jumamosi.

Mota nimeichomoa kwenye umeme, sijaharibu kitu. Kwa sasa sukuma geti kwa mkono. Kuanzia Jumamosi ukifika, hata kama ni usiku wa manane, piga honi. Nitaamka.

Mama Hyasinta