Maua ya mama aliyoyakata baba

Zuhra, upo? Ni mimi, Odilia.

Unaukumbuka ule mti wa maua wa mama hapa Kitahana, wenye miiba, unaochanua mwekundu kabla ya majani? Kesho mama anatimiza mwaka tangu atutoke. Baba alitaka kupeleka maua hayo kaburini. Hayo tu, mengine hataki.

Mwezi wa sita aliupogoa mwenyewe. Aliukata kama anavyokata mibuni yake: matawi yote ya zamani chini, ili machipukizi yaje na nguvu. Tangu hapo kila asubuhi huenda kuutazama kabla hajanawa uso. Majani tu.

Leo kapita Mwalimu Ghati, yule aliyempa mama mche. Baba akamwita kwa furaha: "Mwalimu, njoo uuone ulivyonenepa! Mbona mti huu unanibania maua?"

Ghati akainama kuyatazama makovu ya matawi. Halafu: "Mzee wangu, nani kaukata?"

"Mimi."

"Huu si mbuni, mzee. Maua yake hutoka kwenye matawi ya zamani. Ulikata maua."

Zuhra, alikata maua! Kwa mkono wake mwenyewe, kwa mapenzi yake yote.

Ghati akajaribu kumpoza: "Mwakani utachanua, mzee." Baba hata hakumsikia. Alikuwa ameshika tawi bichi, miiba inamchoma, wala haliachii.

Kisha akamwuliza taratibu: "Sasa kesho nitamwambia nini mama Odilia?"