Kompyuta Inayomsomea Milembe

Baba Milembe,

Mwangaluka huko machimboni. Sisi wazima hapa Ngulyati, pamba imepasuka vizuri, na leo nina furaha kubwa.

Ile kompyuta ya shule imeongea! Fundi Hamimu alitoka Bariadi mjini kuja kuiandaa. Alifuta vitu vya zamani ipate nafasi, akaweka programu ya kumsomea asiyeona. Ikawa inanong'ona tu. Kumbe ni mimi, nilishaifunika kwa kitambaa nilichofuma isiingie vumbi, spika zikazibwa. Hamimu akacheka: "Mama Milembe, umeivalisha kama kochi la bibi harusi!" Nilipokitoa, sauti ikajaa darasa zima.

Macho ya mtoto hayajarudi, mume wangu. Daktari kasema hayatarudi. Najua umesema ukija utamtoa shule umpeleke kwa mama yako kijijini Lingeka. Lakini sasa kila herufi anayobonyeza anaisikia. Barua hii nimeiandika kwenye kompyuta hiyo hiyo, na mstari wa mwisho kaandika mwenyewe, mimi sijamshika hata kidole.

Mkeo anayekungoja,
Elizabeth

baba mimi nabaki shule njoo unisikilize nikisoma