Tazama Mgongo Wangu

Dada Hanna, shikamoo.

Huku Elerai ni mvua na matope, lakini mazoezi yetu ya Ziwa Duluti hayajasimama. Mtumbwi ni mrefu, mbele una kichwa cha joka, usimwambie mchungaji. Wanawake wote humo tulikatwa titi kwa saratani, na daktari anasema kupiga kasia kunarudisha nguvu za mkono.

Jana kocha alinifokea: "Agnela, unalima! Simamisha kasia, lizamishe mbele, vuta kwa mgongo!" Sisi wa Nkoaranga tukishika mpini tunalima tu. Nikaangalia maji kwa hofu, kasia langu likagonga la jirani, mtumbwi ukalala upande, watu wakapiga kelele.

Kocha akapaza sauti: "Usitazame maji! Tazama mgongo wa aliye mbele yako, mwende pamoja!"

Sasa nisikilize. Binti yako Rachel aliona uvimbe kifuani mwako, ukamkataza kusema. Amesema. Usiniambie habari ya kumaliza kuchuma kahawa kwanza.

Jumatatu asubuhi nakuja. Ukijifungia ndani, nitakaa barazani niite jina lako mpaka majirani watoke. Njia ya hospitali unaijua, ila nitatangulia mimi. Wewe usitazame kingine, tazama mgongo wangu tu.

Mdogo wako wa titi moja,
Agnela