Sauti ya Wodi

Jumanne, 14 Mei 1996

Kwa nini nililiacha lile neno moja, "ukipenda"?

Sista mgeni anayewafundisha yoga kinamama waliopigwa na waume zao huwa anasema polepole: ukipenda, lala chali, ukipenda, fumba macho. Kazi yangu mimi ni kumtafsiria kwa Kiswahili tu. Leo nilikuwa na haraka, mpunga wangu nimeuanika uani na mawingu yametanda. Nikatoa ile sauti yangu ya wodi ya wazazi: "Haya, laleni chali! Fumbeni macho!"

Wote wakalala. Mama Kulwa, yule Msukuma wa kijiji cha Mofu, alijitupa chini, mikono usoni, akawa anatetemeka mpaka mkeka unachakarisha.

Sista akaniashiria nimwendee. Afadhali angenigombeza.

Nikapiga magoti. "Mama Kulwa, si lazima. Unaweza hata kukaa."

"Shikamoo, nesi," akajibu, macho bado ameyafumba. "Nimeshalala. Usinipige."

Miaka kumi na tisa ya unesi, na siku zote nimejivunia kwamba wagonjwa wangu wananitii.