Tanga la Mwanga

Delft, Jumatano

Kaka Sjoerd,

Nimefurahi kusikia kondoo wamezaa salama. Huku ni mvua tu, na baiskeli yangu imeibiwa tena.

Umeniuliza habari za tanga letu, lile jani jembamba kuliko utando wa buibui tulilolitengeneza ili mwanga mkali ulisukume, livute chombo upesi hadi kwenye nyota za mbali. Mwezi uliopita tulilimulika mbele ya wageni, mshale wa kipimo cha msukumo ukaruka, na Profesa Duyvendak, mkuu wetu, akalia kwa furaha. Mlituona kwenye televisheni.

Jana mwenzangu Wietske alimulika kishikio kinachoshika tanga, kikiwa kitupu, kujaribu tu.

"Hinke, njoo! Mshale umeruka."

"Tanga liko wapi?"

"Si hili hapa, kwenye kisanduku!"

Kumbe kilichokuwa kikisogea ni kishikio chenyewe, kikipata joto. Tanga halikusukumwa kiasi cha kuonekana.

"Tunyamaze," Wietske akanong'ona. "Profesa anastaafu Ijumaa. Mwache mzee wa watu aondoke na furaha yake."

Nikakubali. Mara Profesa akaingia na keki, akatutazama nyuso.

"Nani kafa?"

Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Akavua miwani.

"Washa."

Tukawasha.

"Tena."

Mshale ukaruka tena. Akaiweka keki sakafuni, akatoka kuwapigia simu watu wa televisheni yeye mwenyewe, awaambie tulikosea.

Mwambie baba polepole. Najua ameshajisifia kijiji kizima, na mimi sithubutu kumpigia simu mwenyewe.

Mdogo wako,
Hinke