Nywele za Limbert

Hanko Uyo,
Oruro, Bolivia.
3 Agosti 1996.

Mpendwa mdogo wangu Severina,

Salamu nyingi kutoka katika nyumba inayokohoa. Hujambo? Shemeji Rufino hajambo? Macho yako yanaendeleaje na ile kazi ya cherehani, na mgongo je? Nasikia huko Buenos Aires baridi yenu ni ya unyevu, inapenya nguo zote mpaka mifupani. Vaa soksi mbili. Najua hutavaa, tangu utotoni hukusikia la mtu.

Sisi huku hatujambo. Desturi ya barua ni kuandika hivyo, nami nimeandika. Sasa nikueleze.

Kipupwe cha mwaka huu si kile unachokikumbuka. Maji ya ndoo yanaganda humu humu ndani, hatua tatu kutoka kwenye jiko, na kila asubuhi Daria huipasua barafu kwa jiwe la kusagia ndipo nipate maji ya uji. Tunalala sita kitanda kimoja. Abdón hulala ukutani, kwa sababu mume wangu huyo ndiye mwenye nyama kidogo ya kuzuia baridi, kisha mimi, halafu watoto watatu, Daria, Limbert na Maribel, na Mama yetu pembeni upande wa jiko. Kuna mwanakondoo aliyelala nasi wiki nzima miguuni. Mmoja akikohoa wote hukohoa, isipokuwa huyo kondoo.

Maribel ameanza kutembea. Mashavu yake yamepasuka kwa baridi mpaka yanatoa damu. Nampaka mafuta ya kondoo, naye anayalamba, nampaka tena. Siku inakwisha hivyo.

Lipo jambo moja jema, acha nilitaje mapema lisisahaulike. Chunyo, viazi vyetu vya kukausha, imetoka safi. Jalidi ya Juni ilikuwa kali hata viazi tulivyovianika uwanjani viliganda vikawa mawe kwa siku tatu tu. Watoto walivikanyaga pekupeku kuvikamua maji, huku wakicheka na kulia kwa pamoja, maana nyayo zilikuwa zinawachoma. Daria alimshika Maribel mikono, na mtoto akapiga hatua zake za kwanza juu ya viazi. Nilicheka siku ile. Tunayo magunia matano, kwa hiyo usifikirie kwamba tunalala na njaa.

Kisha tarehe tisa Julai theluji ikaanguka, ikakaa chini siku kumi na moja. Lama wetu walikwaruza theluji mpaka miguu ikatoka damu, majani wasiyaone. Tulikuwa nao thelathini na wanane. Leo tunao kumi na watatu, na wawili kati yao hawasimami bila kuinuliwa. Abdón huwainua asubuhi, mimi huwainua jioni. Majike wenye mimba ndio waliotangulia.

Unamkumbuka Paloma, yule jike mweupe uliyempa Daria siku tulipomkata nywele zake za kwanza? Wewe ndiye uliyeshika mkasi mwanzo. Ulikata kishungi, ukakiweka sahanini, ukasema mbele ya watu wote, "Daria, nakupa Paloma, azae mpaka uchoke kuhesabu." Na kila aliyeshika mkasi baada yako alitaja mnyama wake. Mtoto aliketi na nywele, akainuka na zizi. Paloma alizaa, na watoto wake wakazaa, mpaka Daria akawa na watano wake mwenyewe katika kundi letu. Wote wamekufa. Paloma alikufa wa mwisho, tarehe ishirini, macho wazi. Daria hakulia. Alikata sufu ya shingoni mwake akaiweka chini ya mto, na tangu siku hiyo ukimsemesha anakujibu kwa kichwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana naona nalizunguka.

Limbert alipozaliwa wewe ndiye uliyekubali kuwa mama wa nywele zake, mkasi wa kwanza uwe wako. Ulisema utakuja kanivali ya mwaka jana. Ukasema Pasaka. Halafu ukasema Agosti ya mwaka huu, haraka zitakapopungua kiwandani, hata kama ni kwa siku nne tu. Ahadi ni deni, Severina, na mwenye kudai hili ana miaka sita. Nywele zilikuwa zimefika kiunoni. Sikuweza tena kuzichana. Nilizigawa misuko miwili nikaziacha zijifungamanishe zitakavyo. Wangapi walinishauri nimtafutie mtu mwingine? Nilikataa. Nilisema ana wake, yuko njiani.

Shuleni walimtania tangu siku ya kwanza. "Bibi harusi, mahari yako lama wangapi?" Unajua alivyokuwa akiwajibu? "Subirini ma'mdogo wangu ashuke kwenye basi! Nitakuwa na zizi, nyinyi mtaniomba kazi ya kuchunga!" Hakuona haya hata kidogo. Mlangoni pangu alijenga zizi la kokoto, kila kokoto moja ni mnyama wa mtu anayemtegemea: hii ya Mama yetu, hii ya jirani Hilarión, hii ya mjomba wa baba yake. Jiwe jeupe kubwa lilikuwa la kwako. Lama walipokuwa wanakufa sisi tunawavuta nje kwa kamba, yeye alikuwa anawaingiza wake ndani ya zizi jioni, asubuhi anawatoa.

Shule ilifunguliwa tena Jumatatu iliyopita. Tuna mwalimu mpya, Ivonne, binti wa mjini. Sitaki umchukie. Alinunua sufu kwa mshahara wake akawafumia watoto wote kofia, hata wa watu wanaomsema. Watoto walirudi kutoka likizoni na chawa, si unajua tunavyobanana usiku. Yeye akachemsha maji, akawaogesha vichwa mmoja mmoja karibu na jiko la darasani, na wenye chawa akawakata nywele. Limbert alimwambia, "Hizi ni za ma'mdogo wangu." Mwalimu alidhani mtoto anaogopa mkasi, akambembeleza. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Na mimi pia sikumweleza. Nilidhani ni jambo ambalo kila mtu hulijua, kama vile kujua kwamba moto unaunguza.

Alifika nyumbani amevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Mama alimvua ili amkaushe kichwa.

"Weh! Nani kakunyoa?"

"Mwalimu."

Mama akamuuliza kama anavyoulizwa mtoto yeyote aliyetoka kukatwa nywele zake za kwanza. "Kakupa nini?"

"Pipi."

"Iko wapi?"

"Nimeila."

Mama alikaa chini pale pale alipokuwa. Na Daria, ambaye hakuwa amefungua kinywa siku tisa, akafungua. "Basi hongera, mwenye zizi! Nenda kaichunge tumboni."

Nilimpiga kofi. Mdogo wangu, nilimpiga mtoto aliyefiwa na kundi lake lote, na mkono huu ninaoandikia unaniuma mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipomwona nikayapoteza. Nilimweleza tu. Alilia kuliko mimi. Akauliza ampe nini mtoto, ana blanketi, ana saa ya mkononi. Nilimwambia si kitu, mwalimu, nywele huota. Nilidanganya kwa adabu, maana blanketi halizai, na za kwanza hazioti mara mbili. Nywele zote alikuwa amezitia motoni kwa ajili ya chawa. Tulitafuta pamoja, sisi wawili tumepiga magoti, mpaka tukaupata msuko mmoja ulioangukia nyuma ya sanduku la samadi kavu ya kuwashia jiko. Urefu wake ni kama mkono wangu toka kiwiko.

Abdón anasema bora imekwisha hivyo. Hasemi kwa ubaya, unamjua. "Hata angekuja Severina, tungemwita nani ashike mkasi? Nani ana mnyama wa kutaja?" Alihesabu majirani kwa vidole. Hilarión amebakiwa na wanne. Mjomba hana hata mmoja. Ingekuwa karamu ya watu wanaotazama sahani na kutazamana.

Mwezi huu ukiisha Abdón atavuka kwenda Chile kubeba matofali. Nyumba tatu bondeni zimeshafungwa milango kwa mnyororo. Na kwetu, asipoleta kitu, nadhani mwakani itakuwa hivyo hivyo. Mama anasema yeye haondoki, tumfungie ndani. Anatania, lakini kikohozi chake hakitanii. Tafadhali usinijibu kwamba baada ya dhiki faraja. Huku baada ya dhiki nimeona dhiki nyingine, na baada ya hiyo, Agosti.

Limbert hachezi tena. Alizipiga teke kokoto zote, na Maribel akatia mbili mdomoni, ikabidi nizitoe kwa kidole. Watoto wenzake wameacha kumtania. Hawana cha kumtania. Halali bila kofia. Juzi nilikuwa namenya viazi akasimama karibu yangu akauliza, "Mama, ma'mdogo atakuja kukata nini sasa?" Nikamwambia anishikie kisu. Hilo ndilo jibu nililompa mwanangu.

Kwa hiyo siandiki kukuita. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walikwishasema, lakini nami nina kosa langu. Nilijua tangu Pasaka kwamba huji. Nilijua, na bado nilimwacha ajenge zizi lile mlangoni, kwa sababu kila nilipomtazama nami nilikuwa nakusubiri. Nimekukasirikia sana mwaka huu, Severina. Nimechoka kukukasirikia pia.

Ndani ya bahasha hii nimeuweka msuko huo. Nimeuchemsha, usiogope chawa. Chukua mkasi wako wa kazi, tafuta sahani, hata ya plastiki, keti mahali patulivu, kama unapapata huko. Kata. Taja jina lake lote, Limbert Huarachi Calizaya, kisha useme kwa sauti unampa nini. Usitaje fedha wala nguo. Taja jike. Huyo jike hayupo, mimi najua, wewe unajua, na nadhani yeye pia atajua. Ila niandikie rangi yake, na kama ana madoa niandikie yako wapi, maana ataniuliza, na mimi nimeishiwa majibu.

Msalimie Rufino. Msalimie na yule binti wa Potosí mnayekaa naye chumba kimoja. Mama anakubusu kichwani na anasema ule vizuri. Abdón anakusalimu, na Daria nitasema anakusalimu. Maribel hakujui, lakini nimemwonyesha picha yako akaitemea mate. Mungu akutunze, na ardhi yetu hii, hata ikitufukuza sisi, isikusahau wewe uliyezaliwa juu yake.

Ni mimi dada yako, nisiyeweza kuacha kukupenda hata nikijaribu,

Fortunata.

Nyongeza. Hilarión anashuka mjini Jumatatu, lori lote limejaa ngozi tu, ndiye atakayeibeba barua hii. Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha kwa gundi, nikaifungua tena. Limbert aliniona naukunja msuko, ikabidi nimweleze. Anasema ukikata usimalize wote. Ubakize kidogo uurudishe, labda huko mbele atatokea mtu mwingine mwenye mnyama. Nilimwambia nitaandika. Nimeandika.