Dume Alilopewa Zita

Jumamosi, 10 Juni 2023

Mama mkwe ametoa dume lake la kondoo. Kampa Zita! Mke wa shemeji yangu Hilary, ameolewa juzi tu hapa Gendabi. Mimi ndiye niliyemuuguza Mama mguu ulipovunjika. Anasema zizi la Zita ni safi, na kondoo wangu wanajikuna kwenye uzio mpaka manyoya yanabaki kwenye miti. Ni kweli wana upele. Lakini kuyasema mbele ya watu —

Jumatatu, 12 Juni

Mkutano wa josho. Tunaogesha kondoo kwenye dawa ya upele Alhamisi. Afisa mifugo kasisitiza: wanyweshwe maji kwanza, wapumzike. Kondoo mwenye kiu hunywa maji ya josho, na dawa ile ni sumu. Zita hakuwepo, alikwenda Katesh. Afisa kaniomba nimfikishie. Nikasema sawa.

Jumatano, 14 Juni

Zita kaja. Shikamoo dada, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Hata maziwa yake ni mazito kuliko yangu. Akauliza afisa alisema nini. Nikamjibu awahi, foleni itakuwa ndefu. Basi.

Alipotoka nilisimama mlangoni. Ningeweza kumwita.

Alhamisi, 15 Juni

Kawahi. Kondoo wake wameshuka kilimani wakihema, midomo wazi. Dume mbele, watu wanalisifia, Mama anatabasamu. Afisa yuko upande wa pili anachanganya dawa. Nilijua. Nikanyamaza. Dume likatumbukia — badala ya kuogelea, likainamisha kichwa, likanywa.

Hapo ndipo sauti iliponitoka: "Wazuieni hao wengine, hawajanywa maji!"

Wengine wamepona. Dume tumelibeba mpaka zizini kwangu, ndiko karibu. Povu mdomoni, miguu inatetemeka. Afisa kalichoma sindano, kasema tusubiri. Mama anawaambia majirani kwamba bila mimi kundi zima lingekwisha. Miaka yote nimetamani anisifu.

Zita hajaondoka. Amepakata kichwa cha dume. Aliponiona nalia akanishika mkono.

"Usilie, dada. Ni mimi sikuuliza vizuri."

Lakini aliuliza.

Nimekimbilia jikoni, nasingizia chai. Naandika nimesimama. Dume limeacha kutetemeka — sijui kama ni nafuu au ndiyo basi. Zita ananiita tena. Anasema njoo tukae wote —